Barabara Haiishii Mpakani mwa Wadi

Katika vilima vya Mogogosiek, huko Konoin katika kaunti ya Bomet nchini Kenya, mvua ina saa yake. Asubuhi ukungu hupanda kutoka mabondeni, jua huchomoza, na wachumaji huingia mashambani mapema na vikapu mgongoni. Ikifika saa nane au saa tisa mchana, mawingu ya upande wa Ziwa Victoria huwa yamekwisha kukusanyika juu ya Konoin, na mara nyingi yakimwaga maji humwaga na mawe. Saa hiyo ndiyo saa ya kuuza majani. Akina mama na vijana wamebeba mzigo hadi kituoni, wamejibanza chini ya paa la mabati, wanangoja lori la kiwanda.

Lori likichelewa, tia mkono wako katikati ya gunia. Utahisi joto. Jani la chai likichumwa halifi palepale. Huendelea kupumua, na likishindiliwa pamoja na mengine hujipika lenyewe. Baada ya saa chache kingo zake huanza kuwa nyekundu, kana kwamba zimepitishwa kwenye moto. Mabadiliko hayo ya rangi yalitakiwa yafanyike kiwandani, baada ya majani kunyaushwa na kukatwakatwa, mbele ya macho ya fundi anayejua ayasimamishe wakati gani. Yakianzia kituoni, hakuna fundi wa kuyarudisha nyuma. Chai itokanayo na gunia hilo hushuka daraja, na mnunuzi katika mnada wa Mombasa hulipia kikombe alichoonja. Hajui habari ya tope alilopita dereva.

Na tope hilo dereva amelipita kweli. Barabara ya udongo mwekundu inateremka kuelekea kijitoni, pande zote mbili kuna michai iliyopandwa hadi ukingoni, hakuna mahali pa kupisha. Gurudumu la nyuma linateleza, lori linakaa upande. Wapakiaji wanaruka chini, wanakata matawi ya mikaratusi na kuyalaza chini ya magurudumu, wanafunga minyororo, wanasukuma huku wakiitana kwa Kikipsigis. Lori la pili lililokuwa linafuata nalo limefungiwa njia. Kituo kilichotakiwa kuhudumiwa saa kumi kinahudumiwa saa mbili usiku, na mama aliyeacha watoto nyumbani bado yuko pale, amekalia gunia lake.

Gharama ya kuyatoa majani vituoni ni gharama ya kiwanda, na viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, ni mali ya wakulima wenye hisa. Springi ikivunjika mlimani, dizeli ikiteketea lori likinguruma papo hapo bila kusogea, mkulima ndiye anayelipa, ingawa haioni gharama hiyo kwenye karatasi yake ya malipo. Huiona wakati wa bonasi. Viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa vimekuwa vikilipa bonasi ndogo kuliko vya mashariki, na sababu ni nyingi: soko, aina ya michai, uchumaji, usimamizi. Sitasema barabara ndiyo mchawi peke yake. Nasema kwamba katika sababu zote hizo, barabara ndiyo ambayo serikali ya kaunti imepewa na Katiba iishughulikie kwa mkono wake yenyewe.

Isitoshe, mavuno makubwa na barabara mbovu huja siku moja. Chai huchipuka ikinyeshewa. Wakati majani yanapomiminika vituoni ndio wakati udongo umelegea, mito imejaa na lori haliwezi kupanda. Barabara inayopitika miezi ya kiangazi tu haimfai mkulima wa chai, kwa sababu kiangazi hana mengi ya kupeleka.

Ninayaeleza haya kwa kirefu kwa kuwa mazungumzo ya mpango wa barabara wa kaunti huwa hayaanzii hapa. Huanzia kwenye orodha ya barabara za kila wadi.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 haikuuacha upangaji wa barabara kwenye hiari ya kiongozi yeyote. Kifungu cha 109 kinaitaka kila idara ya kaunti iwe na mpango wa sekta yake wa miaka 10, unaopitiwa upya kila miaka 5 na kuidhinishwa na bunge la kaunti, na unaohuishwa kila mwaka. Kifungu cha 110 kinataka mpango mwingine wa miaka 10, wa ramani, unaoonyesha watu wanakaa wapi, ardhi inatumikaje na miundombinu ipite wapi. Sambamba na hiyo upo mpango jumuishi wa miaka 5, ambao wengi wanaujua kwa herufi zake, CIDP, na chini yake mpango wa maendeleo wa kila mwaka. Ngazi zote hizi zinatakiwa kushikana: barabara inayotengewa pesa mwaka huu iwe imetoka kwenye ramani ya miaka 10, isiwe imezuka juzi kwenye mkutano wa hadhara. Na kifungu cha 115 kinasema wazi kuwa ushiriki wa wananchi katika upangaji huo ni lazima.

Mzigo wenyewe si mdogo. Barabara zilipoainishwa upya kwenye Gazeti Rasmi la Serikali mwezi Januari 2016, nchi nzima ilihesabiwa kuwa na kilomita 161,451. Kati ya hizo, kilomita 39,995 zilibaki mikononi mwa serikali ya kitaifa, na kilomita 121,456, yaani robo tatu, zikawa za kaunti. Barabara kubwa zilizo chini ya mamlaka za kitaifa kama KeNHA na KeRRA ndizo zenye majina na vibao. Zile zilizoachiwa kaunti ni za daraja la D kushuka chini: ya kwenda shule ya msingi, ya kituo cha majani, ya zahanati, ya kwa fulani. Bomet, yenye watu 875,689 kwa sensa ya 2019, ilipata fungu lake la barabara hizo, na sehemu kubwa yake iko juu ya udongo ambao ukilowa hushikamana na kiatu hadi kikushinde kunyanyua.

Sasa orodha. Katika kaunti nyingi, fedha za barabara hugawanywa kwa wadi, kila wadi fungu lake, na diwani akishirikiana na watu wake huchagua barabara za mwaka. Naelewa kwa nini njia hii inapendwa. Inaonekana ya haki, kila mtu anapata kitu, na diwani anaweza kuonyesha alichofanya. Bomet ina wadi 25. Eneo bunge la Konoin peke yake lina tano: Mogogosiek, Kimulot, Chepchabas, Boito na Embomos. Lakini jani la chai halijui wadi. Linachumwa katika wadi moja na kusagwa kiwandani katika wadi nyingine. Mtoto analala wadi hii na kusoma wadi ile.

Na katika nyanda hizi za juu, mipaka mingi ya kiutawala hufuata mito. Hapo ndipo penye kidonda. Greda la wadi hii linateremka kilima, linachonga barabara vizuri hadi mtoni, linageuka. Greda la wadi ile, kama litakuja mwaka huo, linateremka kutoka ng'ambo, linafika mtoni, nalo linageuka. Katikati panabaki kijito chenye magogo mawili yaliyolazwa na wenyeji na mbao zilizopigiliwa juu yake, bodaboda anashusha abiria avuke kwa miguu, na lori la majani linazunguka njia ndefu. Fedha za wadi zote mbili zimetumika. Ripoti zote mbili zinasema kazi imekamilika, na hakuna aliyedanganya. Lakini barabara haipo, kwa sababu barabara ni ile inayokuvusha.

Daraja la mpakani ni ghali kuliko kuchonga kilima, na kura zake zimegawanyika pande mbili. Kwa hesabu ya wadi, halitafika kileleni mwa orodha kamwe. Kwa hesabu ya mtandao mzima, lingeweza kuwa la kwanza. Ndiyo maana mpango wa miaka 10 upo: kuyaona yale ambayo hayaonekani ukisimama ndani ya wadi moja.

Jambo hilohilo liko mpakani mwa kaunti. Kwa miaka mingi Konoin ilikuwa ndani ya wilaya ya Buret, na Litein ndio uliokuwa mji wa wilaya. Katiba ya 2010 ilipoanza kutekelezwa na kaunti kuundwa mwaka 2013, Konoin ikaenda Bomet na Litein ikabaki Kericho. Mpaka ukahama, miguu ya watu haikuhama. Mtu wa Mogogosiek bado hushuka Litein kununua mbolea, kupeleka mgonjwa katika hospitali ya misheni ya AIC, na kushika barabara ya lami inayokwenda Kericho upande mmoja na Kaplong upande wa pili. Mpango wa barabara wa Bomet unaokomea mpakani bila kuzungumza na mpango wa Kericho utamwacha mwananchi yuleyule njiani. Hakuna sheria inayozikataza kaunti mbili kukaa meza moja na ramani moja.

Kuna jambo la pili, na hili nalitia uzito kuliko yote: maji. Barabara ya muramu haiuawi na magari. Huuawa na maji yaliyokosa pa kwenda. Tazama kalvati moja kwenye mteremko wowote wa huko. Ilipowekwa ilikuwa safi. Mvua ya kwanza ikaleta udongo kutoka shambani, ya pili ikaleta majani makavu na chupa za plastiki, ya tatu ikaziba mdomo. Maji yakiukosa mdomo huo hupanda juu, hukatiza barabara, na upande wa chini hukata mfereji mwembamba kama wa jembe. Wiki moja baadaye mfereji huo unamfika mtu magotini. Mwezi mmoja baadaye kalvati yenyewe inaning'inia hewani, udongo wa chini yake umeondoka, na nyasi za napia za jirani zimeanguka mtaroni pamoja na ua wake. Kazi ya kuzibua mdomo ule ingemchukua mtu mmoja mwenye sepetu nusu saa. Kuirudisha barabara sasa kunahitaji ekskaveta, tipa kadhaa za muramu na zabuni. Wazee wetu wa lugha walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe hujengwa kila mwaka mahali palepale.

Kwa hiyo ninaposikia kaunti inajisifu kwa kilomita ilizofungua, huwa nauliza swali moja: zina mitaro? Kufungua barabara kwa greda bila mitaro, bila kalvati, kwenye mteremko wa Konoin, ni kuchimbia maji njia. Mvua mbili kubwa zinatosha kuigeuza korongo. Ingekuwa heri mwananchi aendelee na kijia chake chenye nyasi, ambacho angalau kilikuwa kinashikilia udongo. Mpango mpya uandike hivi, kwa lugha isiyopindika: hakuna kilomita mpya itakayofunguliwa kabla ya zilizopo kupewa mitaro na mtu wa kuitunza.

Mtu wa kuitunza. Nchi hii iliwahi kulijua neno hilo. Mwaka 1974 Kenya ilianzisha mpango wa barabara za vijijini uliotegemea mikono ya watu wa mahali penyewe: majembe, sepetu, toroli, na trekta la kubeba changarawe. Barabara ikikamilika, mmoja wa waliofanya kazi hiyo, anayekaa kando yake, alipewa kipande cha kilomita moja na nusu hivi hadi mbili akitunze kwa malipo. Alizibua kalvati, alifyeka nyasi, alijaza mashimo kabla hayajawa mashimo makubwa. Alikijua kipande chake kama anavyolijua boma lake. Baadaye ukaja mpango wa barabara ndogo mwaka 1986, kisha Roads 2000 katika miaka ya 1990, ukiwa na fikra hiyohiyo ya kutumia nguvu za wenyeji. Hata kabla ya hapo, katika miaka ya 1960, wakulima wadogo walipokuwa wakianza kupanda chai kwa wingi, ilieleweka kuwa kiwanda hakijengwi bila barabara zake za kukusanyia majani, na mkopo wa Benki ya Dunia ulitafutwa kwa ajili hiyo. Barabara za chai zilipangwa pamoja na chai.

Ukipita katika mashamba makubwa ya kampuni, Kericho na hata upande wa Konoin, utaona utunzaji huo bado upo. Barabara zake nyingi ni za muramu tu, hazina lami. Lakini zina mgongo katikati unaomwaga maji pembeni, mitaro yake imefyekwa, na kila baada ya hatua kadhaa kuna mahali maji yanapogeuzwa yaingie shambani. Mvua inayonyesha hapo ndiyo inayonyesha kwa jirani yake mkulima mdogo, juu ya udongo uleule. Tofauti ni kwamba kule kuna mtu anayelipwa kushika sepetu kila wiki.

Tukija kwenye fedha, hadithi inachosha, lakini mkulima anastahili kuijua maana yeye ndiye mlipaji. Kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa Kenya ina ada ya ukarabati wa barabara: ilikuwa shilingi 18 tangu 2016, ikapandishwa hadi 25 mwezi Julai 2024. Zamani kaunti zilikuwa zikipewa asilimia 15 ya mfuko huo kama ruzuku maalumu. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2021/22, ruzuku hiyo ilichanganywa ndani ya mgao wa jumla wa kaunti wa shilingi bilioni 370, na tangu hapo wabunge na magavana wamekuwa wakivutana. Katika bajeti ya 2024/25 mvutano ulikuwa juu ya shilingi bilioni 10.5, Seneti ikitaka ziende kwa kaunti na Bunge la Taifa likikataa, mpaka suala likafika mahakamani. Mwaka 2025 serikali ya kitaifa nayo iliamua kuweka rehani shilingi 7 za kila lita ili kuwalipa makandarasi madeni ya zamani. Mwenye bodaboda wa Mogogosiek analipa ada hiyo kila anapotia mafuta, tena anatia mengi zaidi kwa sababu barabara ni mbovu.

Mimi nashika upande wa kaunti katika mgogoro huu. Mwenye robo tatu ya barabara hawezi kuachwa nje ya mfuko wa barabara. Lakini kaunti nayo itakuwa na hoja nzito zaidi ikienda Nairobi na mpango mkononi, wenye kila kipande cha barabara, hali yake, magari yanayopita na gharama ya kukitunza, kuliko ikienda na malalamiko.

Na pesa kidogo zaweza kufanya kazi kubwa zikitumiwa kwa akili. Jirani zetu Tanzania waliunda TARURA mwaka 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya halmashauri. Katika mkoa wa Kigoma, wakisaidiwa na Wabelgiji, walianza kujenga madaraja ya mawe yenye umbo la tao, bila nondo, kwa mawe ya mahali penyewe, saruji na mafundi wa vijijini. Madaraja ya aina hiyo yalikuwa yamejengwa kabla yake magharibi mwa Uganda, upande wa Kasese, kwenye milima yenye vijito vingi kama yetu. Tao likikaa vizuri, mzigo ukipita juu huzidi kulibana, na kubanwa ndiko jiwe linakokuweza. Gharama yake ni sehemu ndogo ya daraja la zege, na Tanzania imeyajenga kwa mamia. Konoin ina vijito, ina mawe, na ina vijana wengi waliosomea ujenzi vyuo vya ufundi wakarudi kukaa. Mhandisi wa kaunti akipeleka kikosi kidogo Kigoma kwa wiki mbili kujifunza, hiyo itakuwa safari yenye faida kwa walipa kodi.

Nchini kwetu pia, tangu 2017 upo mwongozo wa kitaifa wa kujenga barabara za lami nyepesi kwa magari machache. Lami ya namna hiyo haifai kumwagwa kila mahali. Inafaa kwenye ile miteremko mikali michache ambapo malori hukwama kila msimu, mita mia mbili hapa, mia tatu pale, kilima kibaya kwanza. Dereva yeyote wa lori la majani anaweza kuitaja miteremko hiyo bila kufikiri. Sidhani kuna mtafiti wa barabara kumshinda, na mpango usiomuuliza umekosa shahidi wake mkuu. Vivyo hivyo karani wa kituo, mwenye daftari la saa lori lilipofika. Mkunga wa zahanati, anayejua ni mto gani humzuia mama mjamzito usiku. Na msimamizi wa kituo cha maziwa, anayejua ni asubuhi zipi maziwa yalimwagwa.

Sasa tuko ndani ya mpango jumuishi wa tatu, wa 2023 hadi 2027. Uchaguzi ni Agosti 2027, na baada yake utaandikwa mpango wa 2028 hadi 2032, pamoja na kupitiwa upya kwa mipango ya sekta ya miaka 10. Anayetaka daraja lake liwemo asingoje serikali mpya iapishwe. Aanze sasa, kwa maandishi, na aandike pamoja na watu wa ng'ambo ya mto, wadi mbili sahihi moja, ili pasiwe na diwani wa kusema hilo si langu.

Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma, mpango wa maendeleo wa mwaka lazima ufike bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 kupita, taarifa ya mwelekeo wa bajeti kabla ya Februari 28 kupita, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30 kupita. Kabla ya kila tarehe hizo hutangazwa mikutano ya wananchi. Ukisikia wa Mogogosiek umeitishwa, nenda, hata kama ni siku ya kuchuma. Usiombe barabara kwa jumla. Taja kilima kwa jina lake, taja kijito kwa jina lake, sema lori lilikwama mara ngapi msimu uliopita, kisha uhakikishe yameandikwa kabla hujaondoka.